TOYOTA: IMETOKA WAPI, NA SIFA YAKE NI YA NANI?



Katika mikutano yetu na madereva, makondakta na mafundi wa magari hapa Kampala, kuna neno moja linalosikika kila mara: "Toyota haifi." Dereva hulisema kwa fahari. Mwenye gari naye hulisema, lakini yeye mara nyingi hulisema pale anapoombwa fedha za breki. Neno ni moja, maana zake ni mbili. Ndiyo sababu tumeona inafaa tueleze kwa kirefu kampuni hii ilianzaje, sifa yake ilijengwa na nani, na sisi tunaokula kwa jasho la magari haya tuna jambo gani la kujifunza.

MWANZO WAKE NI MTAMBO WA NGUO

Wengi watashangaa kusikia kwamba Toyota haikuanza na motokaa. Ilianza na mitambo ya kufumia nguo. Mwanzilishi alikuwa Sakichi Toyoda, aliyezaliwa mwaka 1867 kijijini katika mkoa wa Shizuoka, Japani. Baba yake alikuwa seremala, na elimu aliyopata Sakichi ilikuwa ndogo. Alijifunza useremala nyumbani, akaona jinsi wanawake wa kijijini walivyohangaika kufuma kwa mikono, naye akaanza kutengeneza mitambo ya mbao ili kuwapunguzia kazi. Mwaka 1891 alipata hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi wake wa kwanza.

Aliendelea kufanya majaribio kwa miaka mingi. Mwaka 1924, pamoja na mwanawe Kiichiro, alikamilisha mtambo uliomletea jina duniani. Ajabu ya mtambo huo ilikuwa hii: uzi mmoja ukikatika, mtambo wenyewe husimama. Kabla ya hapo, uzi ulipokatika mtambo uliendelea tu kufuma kitambaa kibovu mpaka mtu agundue, na pamba ikapotea bure.

Hapa mfanyakazi aone mambo mawili kwa pamoja. La kwanza, kazi ilikuwa bora kwa sababu kosa halikuachwa lipite. La pili, mfanyakazi mmoja sasa aliweza kusimamia mitambo mingi, kwa hiyo mwenye kiwanda alihitaji watu wachache. Chombo kipya huja na faida na hasara, na ni kazi ya chama kuuliza faida inakwenda kwa nani.

Mwaka 1929 kampuni ya Kiingereza ya Platt Brothers, ya mji wa Oldham karibu na Manchester, ilikubali kununua haki ya kutengeneza mtambo huo kwa mapatano ya pauni 100,000. Platt walikuwa miongoni mwa watengenezaji wakubwa kabisa wa mitambo ya nguo duniani. Siku zile pamba ya Uganda ilikuwa ikivuka bahari kwenda kwenye viwanda vya ng'ambo, vya Japani vikiwamo. Kwa hiyo hata kabla ya motokaa, jasho la mkulima wetu na mitambo ya watu hao vilikuwa katika biashara moja.

KUTOKA NGUO HADI MOTOKAA

Sakichi alifariki mwaka 1930. Kiichiro alikuwa amekwisha tembelea Ulaya na Marekani, akaona jinsi motokaa ilivyokuwa ikibadilisha maisha ya watu. Mwaka 1933 alifungua idara ya magari ndani ya kiwanda cha mitambo ya nguo. Mwaka 1935 lori lao la kwanza, G1, lilianza kuuzwa. Msidhani lilikuwa zuri. Liliharibika njiani mara kwa mara, na mafundi walitumwa kulifuata huko huko lilikokwama. Mwaka 1936 likatoka gari dogo la abiria lililoitwa AA, na tarehe 28 Agosti 1937 kampuni ya magari ikaandikishwa peke yake.

Kuhusu jina, ukoo ni Toyoda, lakini kampuni ni Toyota. Badiliko hili lilifanywa mwaka 1936. Katika maandishi ya Kijapani, Toyota huandikwa kwa mistari minane, na namba nane kwao ni namba ya bahati. Tena kampuni ilitaka jina la gari lisiwe tu jina la ukoo wa mtu. Baadaye, mwaka 1959, mji wa Koromo wenye kiwanda chao kikubwa ulibadilishwa jina nao ukaitwa Toyota. Fikirini ukubwa wa kampuni inayoweza kuupa mji jina!

MGOMO WA MWAKA 1950

Sehemu hii haipatikani kwenye matangazo ya biashara, nasi tunaiandika kwa sababu inatuhusu zaidi.

Baada ya vita vikuu vya pili Japani ilikuwa hoi. Mwaka 1949 serikali yake, chini ya usimamizi wa Wamarekani, ilibana matumizi ya fedha, na Toyota ikashindwa kuuza magari na kulipa mishahara kwa wakati. Mwisho wa mwaka huo wafanyakazi walikubali mshahara upunguzwe kwa asilimia 10, na kampuni nayo ikaahidi kwamba hakuna atakayefukuzwa. Miezi michache tu ikapita, kampuni ikataka kupunguza watu. Hapo chama cha wafanyakazi kiligoma, kuanzia Aprili hadi Juni 1950.

Matokeo yake yalikuwa machungu kwa pande zote. Wafanyakazi zaidi ya 1,500 waliondoka kazini. Lakini Kiichiro Toyoda mwenyewe, mwana wa mwanzilishi, naye alijiuzulu uongozi kwa kuwa ahadi ilivunjika. Alifariki mwaka 1952. Mwezi ule ule wa Juni 1950 vita vya Korea vilianza, jeshi la Marekani likaagiza malori kwa maelfu, na kampuni ikaokoka. Ndugu, angalieni hesabu hiyo. Waliofukuzwa walifukuzwa kabla tu ya kazi kurudi.

Somo la mgomo ule halikusahauliwa. Mwaka 1962 kampuni na chama walitia sahihi tamko la pamoja la kushirikiana. Wafanyakazi wa kudumu walipata uhakika wa kazi yao, na kampuni ikapata amani kiwandani. Mtu asiyeogopa kufukuzwa kesho huweza kusema wazi leo kwamba kitu fulani kimeharibika.

KAMBA YA KUSIMAMISHA KAZI

Sasa tuje kwenye siri yenyewe ya sifa ya Toyota. Fundi mkuu mmoja, Taiichi Ohno, ambaye alianzia kazi kwenye mitambo ya nguo, alichukua ile fikra ya uzi uliokatika akaipeleka kwenye kiwanda cha magari. Katika viwanda vya Toyota gari hupita mstarini mbele ya wafanyakazi, kila mmoja akifunga sehemu yake. Kando ya mstari kuna kamba. Mfanyakazi akiona kosa, skrubu imelegea au sehemu haikukaa sawa, huvuta kamba hiyo. Taa huwaka, kiongozi wa kundi huja mbio, na kosa lisipotengenezwa upesi mstari husimama.

Katika viwanda vingi vya zamani kusimamisha mstari kulikuwa kosa la kumfukuzisha mtu. Gari bovu lilipita mpaka mwisho, likatengenezwa huko au likauzwa hivyo hivyo. Toyota waliona kwamba yule aliyeshika spana ndiye wa kwanza kujua ubovu, basi yeye ndiye apewe uwezo wa kusema "simama".

Kwa hiyo mtu akikuambia Toyota haifi, mjibu kwamba haifi kwa sababu kule ilikotengenezwa mfanyakazi aliruhusiwa kusimamisha kazi.

Magari yenyewe yalifuata moja baada ya jingine. Mwaka 1951 walitoa gari la milimani ambalo mwaka 1954 lilipewa jina la Land Cruiser. Mwaka 1957 walijaribu kuuza gari la Crown huko Marekani wakashindwa, maana halikuhimili mwendo mrefu wa barabara kuu za kule. Walirudi nyumbani wakajifunza. Corolla ilitoka mwaka 1966, HiAce mwaka 1967, na Hilux mwaka 1968. Mwaka 1997 Corolla ilipita Volkswagen ya mgongo wa kobe kwa idadi ya magari yaliyouzwa duniani. Mwaka 1987, katika vita vya Chad na Libya, askari wa Chad waliokuwa juu ya pikapu za Toyota walishinda vifaru jangwani, mpaka watu wakaviita vita vya Toyota. Sifa ya namna hiyo si ya kushangilia, lakini inaonyesha ugumu wa chuma.

ILIVYOFIKA KAMPALA

Wazee wetu wanakumbuka kwamba taksi za miaka ya 1970 zilikuwa hasa Peugeot, 404 na 504. Baada ya mwaka 1972, Waasia walipofukuzwa nchini, gereji na maduka ya spea yaliporomoka. Spea zikawa kitu cha magendo, na gari lililoharibika lilikaa juu ya mawe miezi na miezi.

Amani iliporudi katika sehemu kubwa ya nchi baada ya 1986, magari yaliyotumika kutoka Japani yakaanza kuingia kwa wingi, hasa HiAce. Sababu zake ni rahisi kueleza. Japani huendesha upande wa kushoto kama sisi, kwa hiyo usukani uko mahali pake. Tena kule ukaguzi wa serikali ni wa mara kwa mara na una gharama, basi watu wengi huona afadhali kuuza gari likiwa bado zima. Hupakiwa melini, hushuka Mombasa au Dar es Salaam, huja kwa barabara hadi Malaba, Busia au Mutukula, na mwisho hupangwa kwenye bondi zetu likingoja mnunuzi. Mwaka 2018 sheria ilipiga marufuku kuingiza gari lenye umri wa miaka 15 au zaidi, lakini yaliyokuwa yamekwisha ingia yaliendelea na kazi.

Watu wa Kampala waliipa HiAce jina la kamunye, yaani mwewe, kwa jinsi ilivyokuwa ikishuka barabarani na kunyakua abiria kama mwewe anavyonyakua kifaranga. HiAce ya 1989 ndiyo iliyojaza Paki ya Zamani na Paki Mpya kwa miaka mingi. Ile ya 2004 ilipofika huku, vijana waliiita droni. Nyingi kati ya hizi zilikuwa za kubebea mizigo huko Japani. Madirisha na viti vya abiria 14 vilifungwa huku, kwa mikono ya wachomeleaji wetu.

Hilo latupeleka kwenye jambo kubwa. Kiwanda cha Japani kilitengeneza gari la kubeba mzigo kwenye lami, likaguliwe mara kwa mara, kisha liuzwe. Hakikutengeneza gari la kukaa Kampala miaka 20, kwenye mashimo na vumbi, tangu alfajiri mpaka usiku. Maisha hayo ya pili ni kazi ya mafundi wa Kisekka, Ndeeba na Katwe. Wao ndio hufungua injini chini ya mti, husikiliza beringi kwa sikio, huchonga bushi, hupima gasketi kwa macho, na hujua ni spea gani ya Corolla itaingia kwenye gari jingine. Gari huitwa zima kwa sababu spea zake zipo na ujuzi wake upo. Gari la aina nyingine, hata likiwa bora, likikosa fundi na spea hufa mapema.

Basi nusu ya sifa ya Toyota hapa kwetu ni ya mfanyakazi wa Japani, na nusu ni ya fundi wa Kampala, ambaye hufanya kazi bila glavu, mikono ndani ya oili chafu na maji ya betri, na hana bima wala malipo ya uzeeni.

MGEMA AKISIFIWA

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mwaka 2008 Toyota iliipita General Motors ya Marekani ikawa kampuni kubwa kuliko zote kwa kuuza magari. Haikupita miaka miwili ikaingia aibuni. Katika 2009 na 2010 iliita magari yake kwa mamilioni yarudishwe kwa sababu ya pedali za mafuta zilizoweza kunasa. Mkuu wa kampuni, Akio Toyoda, mjukuu wa mwanzilishi wa kampuni ya magari, aliitwa mbele ya Bunge la Marekani Februari 2010 akaomba radhi, na akakiri kwamba huenda kampuni ilikua kwa haraka kupita kiasi. Mwaka 2014 Toyota ilikubali kulipa serikali ya Marekani dola bilioni 1.2 kwa kuuficha umma ukweli wa jambo hilo. Mwaka 2023 kampuni yake ndogo, Daihatsu, iligundulika kuwa imedanganya katika majaribio ya usalama, na aina 64 za magari zilitajwa.

Na wafanyakazi je? Mwandishi Satoshi Kamata aliingia kiwandani mwaka 1972 kama kibarua wa miezi michache, akaandika jinsi mstari ulivyozidi kuongezewa mwendo na jinsi vibarua walivyokuwa hawana uhakika wa wale wa kudumu. Mwaka 2002 mkaguzi mmoja wa ubora, kijana wa miaka 30, alianguka kiwandani usiku akafa. Mkewe alikwenda mahakamani. Mwaka 2007 mahakama ya Nagoya iliamua kwamba alikufa kwa kufanya kazi kupita kiasi, na kwamba mikutano ya kuboresha kazi, ambayo ilisemekana ni ya hiari, nayo ilikuwa kazi.

Yaani hata pale penye kamba ya kusimamisha mstari, haikuwapo kamba ya kumsimamisha mtu aliyechoka. Gari lililindwa kuliko aliyelitengeneza.

DEREVA WETU HANA KAMBA

Turudi sasa Kampala. Gari lilivuka bahari, lakini ile haki ya kusema "simama" ilibaki Japani.

Tazameni hali ya dereva wa taksi. Gari si lake. Kila jioni lazima apeleke hesabu kwa mwenye gari, kiasi kilichowekwa, abiria wawepo wasiwepo. Kwanza mafuta, kisha hesabu, kisha malipo ya steji, na kinachobaki agawane na kondakta. Akisikia breki zinakwaruza saa nne asubuhi, afanye nini? Akienda gereji, hesabu inamngoja. Akimpigia mwenye gari, ataambiwa, "Hiyo ni Toyota, endelea tu, wiki ijayo." Akiendelea, abiria 14 wamo hatarini. Askari akilisimamisha gari bovu, anayeshushwa barabarani ni dereva. Likipinduka, anayelala hospitali au mahabusu ni dereva.

Tena injini ya HiAce iko chini ya viti vya mbele. Kutwa nzima dereva ameketi juu ya moto. Dereva anayeanza saa kumi na moja alfajiri na kumaliza saa tatu usiku amekaa kazini saa 16. Kwa siku sita ni saa 96. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inataja saa 48 kwa wiki kuwa ndiyo kipimo. Ni mara mbili kamili! Sheria hiyo hiyo inautambua hata mkataba wa mdomo, lakini mkataba usioandikwa ni rahisi kukanwa, na mwenye gari husema, "Huyu si mfanyakazi wangu, nimemwazima tu gari."

Machi 2020, wakati wa korona, usafiri wa abiria ulisimamishwa. Magari yalikaa miezi. Taksi ziliporuhusiwa tena Juni, zikibeba nusu ya abiria, gari lilitiwa maji na betri likawaka. Dereva hakuwa na cha kutiwa. Hakuwa na akiba, wala mkataba, wala mtu wa kumdai.

TUNADAI NINI

Madereva wa Uganda si wageni katika kujipanga. Mwishoni mwa miaka ya 1930 walikuwa wamekwisha kuunda Uganda Motor Drivers' Association, mojawapo ya vyama vya kwanza kabisa vya wafanyakazi nchini. Kwa hiyo tunayoyasema si mapya wala si ya ajabu. Tunamtaka kila mwanachama ayajadili haya kwenye steji yake:

1. Mapatano ya dereva na mwenye gari yaandikwe, hata kama ni ukurasa mmoja, yataje hesabu, siku za kazi na siku ya mapumziko.

2. Dereva akikuta ubovu wa breki, usukani au tairi, awe na haki ya kulisimamisha gari, na siku hiyo asidaiwe hesabu. Hii ndiyo kamba yetu.

3. Siku ya sevisi iwekwe mapema na igharimiwe na mwenye gari, si kuviziwa mpaka gari lizimike njiani.

4. Gari linalofanya kazi alfajiri mpaka usiku liwe na madereva wawili wa kupokezana.

5. Mafundi wetu wajiunge na chama pamoja na madereva, maana anayelitengeneza gari na anayeliendesha wana tumbo moja.

Kwa wenye magari tunasema hivi bila ugomvi: haya si hasara kwenu. Breki iliyotengenezwa leo ni rahisi kuliko injini ya kesho, na ni rahisi mno kuliko maiti. Toyota yenyewe ilitajirika kwa kufuata kanuni hiyo, na ilipoisahau ililipa kwa mabilioni.

Uzi ukikatika, mtambo usimame. Seremala mmoja wa kijijini aliona hivyo zaidi ya miaka 100 iliyopita. Dereva wa Kampala naye huona uzi ukikatika kila siku. Kilichobaki ni kumpa kamba ya kuvuta, na kamba hiyo hatapewa na mtu akiwa peke yake. Jiandikisheni, lipeni ada, njooni mikutanoni.

Umoja ni nguvu.